Bibi Yangu Nilimpata Kilabuni

Swali la wiki la gazeti hili lilikuwa: ni mahali gani mtaani kwenu ambapo leo hapapo, lakini bila hapo usingeujua ukoo wako? Wengine watataja shule ya zamani au kanisa la kwanza. Mimi nataja kilabu cha pombe za kienyeji kilichokuwa Mabatini, jirani na Mwanjelwa, hapa Mbeya. Siku hizi pale pana duka la vipuri vya pikipiki na kibanda cha kutuma pesa. Vijana wanaouza pale hawana habari kwamba kulikuwa na watu waliokaa hapohapo kwenye magogo tangu saa tisa mchana, wakipokezana kopo la komoni.

Nianze na karatasi, maana ndiko kila mtafuta ukoo anakoanzia. Babu mzaa baba hana shida, anapatikana. Yumo kwenye kitabu cha ubatizo cha Wamoraviani, ambao wako Rungwe tangu 1891 na wamekuwa wakiandika watu wao kwa bidii. Stakabadhi zake za kodi zipo. Ukoo wake wa Kisafwa wazee wanautaja msibani vizazi vinne kwenda nyuma bila kukwama. Bibi je? Humo mote bibi ni "mke wa". Enzi za uhai wake ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu "kwetu ni hapa," akaendelea kuchambua mboga. Mjadala umefungwa.

Ukitafakari utaona kwa nini. Kodi ya kichwa alidaiwa mwanamume. Wenela, waliokuwa wakichukua vijana wa Rungwe na kwingineko kuwapeleka kwenye migodi ya Afrika Kusini, waliandikisha wanaume. Silabu, waliokusanya manamba wa mashamba ya mkonge kutoka nyanda zetu hizi, nao vilevile. Mke akitajwa, ametajwa kwa kuwa kafuatana na mumewe. Mwanamke aliyefunga kanga yake na kuja mjini peke yake kutafuta maisha hakupita mbele ya meza ya karani yeyote. Isipokuwa kama alipika pombe.

Hapo ndipo kilabu kinapoingia. Pombe ya kienyeji haikuuzwa kiholela, angalau si mjini. Mkoloni alikuwa na sheria zake, na baada ya uhuru ikaja Sheria ya Vileo ya 1968 inayotaka leseni, pombe za kienyeji zikiwemo. Wapishi wakalipa ushuru, na anayelipa ushuru huandikiwa stakabadhi. Katika sanduku la bati la bibi mlikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake vikaratasi vilivyoviringishwa na kufungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Wino umekuwa wa kahawia, kona zimeliwa na mende, lakini jina linasomeka: jina lake na jina la baba yake. Si la mume. Karani wa ushuru hakuwa na haja ya kujua ndoa ya mtu, alitaka kujua nani analipa. Kwa ufupi, mtu pekee wa serikali aliyewahi kumwandika bibi kwa ubini wake ni yule aliyekuja kumtoza.

Ubini wenyewe haukuwa wa Kisafwa, wala haukuanza na Mwa- kama majina mengi ya Wanyakyusa. Baba alipouona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nenda kawaulize waliokuwa wanakunywa."

Anayetaka kufuata njia hii lazima aelewe kwanza kilabu kilivyokwenda. Komoni hupikwa kwa mahindi na kimea cha ulezi. Tangu kuloweka mpaka kuiva, wiki inaweza kukatika. Ikishaiva haingoji: leo tamu, kesho kali, keshokutwa ni ya kumwaga. Kwa hiyo wapishi hawakuweza kuivisha wote siku moja, wangeliana soko. Waligawana zamu. Jumanne ya fulani, Alhamisi ya fulani, Jumamosi ya mwenye bahati au mwenye ubavu. Mapipa waliazimana, kuni walinunua pamoja, na mmoja akijifungua au akifiwa, mwenzake alimpikia zamu yake. Mnywaji wa zamani ukimuuliza mwaka atakukodolea macho. Muulize siku. "Jumamosi ilikuwa ya nani?" Hapo mzee ataamka, atakupangia wiki nzima, nani alikuwa na mkono mzuri, nani alizidisha maji, nani alihama na kumwachia nani zamu yake. Nimewahi kukaa na wazee wawili kwenye glosari pale mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, nimewaagizia soda (mmoja ana sukari, mwingine ameokoka), wakabishana saa nzima kuhusu Jumatano. Kwa wanawake wa mjini ambao ukoo haukuwaandika, sijaona kumbukumbu iliyopangika kuliko hiyo.

Kingine ni aina ya pombe. Nyanda za juu mtu alitambulika kwa anachopika kabla hata hajafungua mdomo. Kimpumu cha ulezi, kinachonyonywa kwa mirija huku kikiongezewa maji ya moto, ukikiona ujue mpishi kajifunzia pande za Rungwe, Ileje au kwa Wasafwa wenyewe. Ulanzi ni wa Iringa na Njombe. Huo haupikwi, unagemwa: chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, likawekewa chombo cha kukinga maji yake, na mgema analipitia asubuhi na jioni akilikata tena kidogo. Ni kinywaji cha masika. Ukiwa wa asubuhi ni mtamu hata mtoto anapewa. Ukilala, unamlaza mtu mzima.

Sasa wale wazee wa Soweto wakasema jambo ambalo nyumbani hatukuwahi kulisikia. Bibi yako, mjukuu, alipika komoni kama wengine, lakini masika alikuwa na ulanzi. Ulanzi? Hapa Mabatini? Ndiyo, na ulikuwa ukishuka na treni.

Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970, ikakamilika 1975, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi. Watu huizungumzia kwa shaba ya Zambia na kilomita zake 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wapishi wa Mabatini waliiona kwa jicho jingine: Makambako, kule kwenye ulanzi, imesogea. Madebe yalipakiwa kule, yakashushwa stesheni ya Mbeya huku Iyunga, mifuniko yakiwa yamelegezwa kwa makusudi, kwa sababu ulanzi unaendelea kuchemka njiani na ukiubana unafumuka. Abiria walilalamika harufu. Na aliyekuwa akipakia madebe ya bibi kule Makambako, wakasema wazee, ni kaka yake. Alikuja nayo mwenyewe mara kadhaa, mtu mrefu, akiamkia watu "kamwene" na kucheka Wasafwa wanavyojibu.

Kamwene peke yake isingenifikisha mbali, utaisikia Iringa yote mpaka Njombe. Lakini kamwene, ulanzi, Makambako na ubini ulio kwenye stakabadhi ya ushuru vikikaa pamoja, eneo la kutafuta linakuwa dogo. Nilipanda basi. Kwa wanaotaka kufanya hivyo nawakumbusha kuhusu mipaka: Njombe imekuwa mkoa mwaka 2012, kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Iringa, na Songwe imekatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Karatasi ya zamani ikisema "Iringa" inaweza kuwa na maana ya kijiji ambacho leo ukiwaambia wenyeji ni Iringa watakucheka.

Kijijini sikuuliza ukoo. Niliuliza nani zamani alikuwa akipeleka ulanzi Mbeya kwa treni. Nikaonyeshwa nyumba kabla sijamaliza sentensi. Kaka wa bibi alishatangulia mbele ya haki, lakini mwanawe yupo, na ule mwanzi bado upo nyuma ya nyumba. Nimeambiwa kwa nini bibi hakutaka kusema kwao: aliondoka akikimbia mume aliyechaguliwa, mahari ikiwa imeshaliwa. Kaka yake ndiye pekee aliyejua alipo, na kwa wazazi wao madebe yale yalikuwa "biashara tu". Kumbe sisi ni Wabena nusu, na tuna ng'ombe wa kudaiwa.

Nirudi Mabatini, kuna daftari sijalitaja. Bibi hakujua kusoma. Aliyemwandikia madeni ni baba, akiwa shule ya msingi, kwa mwandiko wa kuegemea kushoto na kalamu ya risasi. Limebaki moja, la kurasa zilizochorwa mistari miwili, jalada halipo. Kila mteja ana jina au kazi yake, maana baba hakujua majina ya wote: fundi baiskeli, utingo wa basi, mlinzi mfupi, mwalimu (huyu ana ukurasa mzima), mtu wa reli. Mbele ya jina vijiti, kila kijiti kopo moja, na akilipa kijiti kinakatwa.

Mtu wa reli vijiti vyake vinaongezeka ukurasa hadi ukurasa na havikatwi. Katikati ya daftari baba anaacha kuandika "mtu wa reli", anaandika jina lake kamili. Kurasa chache mbele jina lile halipo tena, na deni halijalipwa. Nilimuuliza baba kama huyu mtu alikimbia. Akasema, "Huyo si ndiye baba yake baba yako mdogo? Alihamia nyumbani." Babu mzaa baba alikuwa amefariki zamani. Hatukuwa na picha hata moja ya huyu wa pili, wala cheti, wala mwaka aliokuja. Sasa tuna vijiti vyake. Baba mdogo amevipiga picha, ameviweka kwenye simu yake.

Kikwazo kikubwa katika kazi hii ni aibu, wala si vifo. Kilabu kilikuwa kikiitwa kwa jina la mtoto wa kwanza wa bibi, yaani shangazi yangu. Jina silitaji kwa sababu shangazi yu hai, ni mzee wa kanisa, na gazeti hili analisoma. Nilipomgusia kilabu mara ya kwanza alinihubiria. Mara nyingine nikabadilisha swali, nikamuuliza sanduku la bweni alilokwenda nalo sekondari lilinunuliwa na nani. Akaliangalia, maana analo bado, anawekea mashuka. Akaanza: sare, nauli, sabuni, na namna mama yake alivyomtuma kwa mlango wa nyuma ili wenzake wasimwone na ndoo ya machicha. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi. Nyumba nyingi hapa Mbeya zina walimu, wauguzi na wachungaji waliosomeshwa kwa komoni, ila kwenye wasifu wa marehemu utasikia mama yao "alikuwa mfanyabiashara".

Vilabu hivi vilikufaje? Kwa mengi. Miaka ya shida baada ya vita ya Kagera bia ya chupa ilitafutwa kwa tochi, na kilabu kikanawiri. Kiwanda cha bia kilipobinafsishwa mwaka 1993 chupa zikajaa kila kona, na kijana akaona aibu kushika kopo. Kipindupindu kikija, pombe za kienyeji ndizo za kwanza kupigwa marufuku. Viwanja vya kando ya barabara ya Zambia vikawa dhahabu. Soko la Mwanjelwa likaungua mwaka 2006, na mtaa mzima ukajipanga upya. Na wapishi walizeeka, watoto wao wakiwa na uwezo wa kuwaambia, mama, inatosha.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa Mbeya. Alhamisi ya kilabu kile ilikuwa ya mama mmoja kutoka Tukuyu, aliyepika kimpumu, mnene, mwenye mwanya, aliyekuwa na mtoto wa kiume aliyependa kupiga mluzi. Baba alimwandikia madeni yake pia, kwa kuwa hakuwa na mtoto anayejua kuandika. Kurasa zake ziko kumi na kitu nyuma ya daftari. Wazee wanakumbuka zamu yake, wanakumbuka mluzi, jina hakuna anayelikumbuka. Walimwita "mama wa Alhamisi". Kama ni bibi yenu, wahariri wanajua pa kunipata. Njooni mchukue kurasa zenu, mwalimu bado anadaiwa.