Una kazi, una kwako, sonona ya nini?

Binamu yangu aliandika kwenye kundi la familia: "Wewe uko majuu, mshahara unaingia, sonona ya nini?" Wengine wakaweka vicheko. Nawajibu wote kwa pamoja.

Sonona ni ugonjwa, hauangalii mshahara. Yaliyonipata kabla sijasafiri (mnaojua mnajua, sitayarudia hapa) nilivuka nayo mpaka. Huko yalifunikwa na watu: mara mgeni, mara mtoto analia, mara fulani kaazima kitu. Huku natoka zamu ya usiku, nafunga mlango, na mpaka kesho jioni hakuna atakayegonga. Ukimya huo ndio uliyafukua.

Kazini mlango wa chuma ukibamizwa, wenzangu hawageuzi hata shingo. Mimi moyo unakimbia, viganja vinalowa, na kwa dakika kadhaa siko pale nilipo. Akili inajua kabisa kwamba niko salama, mwili haujaambiwa. Usiku ni ndoto ile ile, ndiyo maana mtu analala saa nyingi na kuamka hoi.

Daktari alinipa karatasi ya maswali tisa ya kupima sonona, inaitwa PHQ-9. Inauliza wiki mbili zilizopita zilikuwaje: hamu ya kufanya mambo, usingizi, kula, kujiona umeshindwa, na la tisa, kama umewaza ni heri ufe. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Swali la kipato halimo humo, binamu.

Nikaanzishiwa sertraline, dawa ya sonona. Si dawa ya kumeza asubuhi ukapona mchana. Mwanzoni tumbo lilivurugika tu. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na hata ukijisikia vizuri huachi ghafla, daktari anakupunguzia taratibu. Kwa kiwewe chenyewe, yaani jeraha la yale yaliyonipata, kuna tiba ya mazungumzo, ila foleni yake ni ndefu, na hilo wanaorudi likizo hawawasimulii.

Zamu yangu ya tiba hiyo ilipofika, nilieleza yote kwa lugha ya wenyeji bila chozi, kama anayeandikisha maelezo polisi. Mtaalamu akauliza kama nataka mkalimani. Nikakataa. Waswahili tuliopo hapa ni wachache, mkalimani wa leo ndiye utakayekaa naye meza moja Jumamosi. Tukakubaliana zile sehemu ngumu nizitamke kwa Kiswahili, hata kama yeye haambulii neno. Hapo ndipo nililia.

Sijapona. Kuna miezi nafanya kazi, nacheka, natuma hela. Kuna mingine kuoga tu ni shughuli ya siku nzima, na ndiyo hiyo mnayosema naringa sipokei simu. Msinirekodie sauti ndefu za kuniambia nimshukuru Mungu. Namshukuru, na dawa nameza. Niulizeni tu kama nimekula.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia pembeni kwamba unataka kuja ili usahau: njoo kwa kazi au masomo, nafasi ikipatikana, nitakupokea. Kwa kusahau, hapana. Anza na daktari huko huko uliko, wakati bado una mtu wa kukusindikiza. Huku utaanza peke yako, makaratasi ya ukaazi mkono mmoja, zamu za usiku mkono wa pili.