Kutajirika kwa madeni chechefu

Umeuliza mwekezaji David Martínez wa Mexico anatajirikaje kwa madeni yasiyolipika. Ndugu yangu, anayanunua kwa bei ya kutupa. Hati ya deni ya dola 100 ukiipata kwa 30, wakikulipa hata 50 umeshakula. Ila huyu, kupitia kampuni yake ya Fintech Advisory, si mtu wa kukimbilia mahakamani. Serikali ya Argentina ilipoacha kulipa madeni yake mwaka 2001, Paul Singer, mwekezaji Mmarekani wa madeni kama haya, alikomaa na kesi New York hadi 2016. Martínez alikubali kubadilishiwa hati zake kwa mpya zenye thamani ndogo, hakugombana na serikali, baadaye akanunua hisa za kampuni ya simu ya Telecom Argentina. Hata Vitro, watengeneza vioo wa kwao Monterrey, aliwaingilia kwa mlango huohuo wa madeni. Kwangu mimi, Singer kelele nyingi. Mjanja ni huyu.