Juni Imepita na Mlango Haujafunguka

*Barua tatu za wasomaji kuhusu kulitumainia kusudi la Mungu wakati kesho haionekani.*

Bwana Yesu asifiwe. Mkataba wangu wa kazi ulikatishwa miezi 14 iliyopita. Mwishoni mwa mwaka jana mhubiri mgeni aliniambia mbele ya kanisa kwamba kabla ya Juni mlango utafunguka, ila nipande mbegu ya shilingi 300,000. Nilizitoa kwenye ada ya watoto. Juni imepita. Sebuleni tumebandika Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kutuwazia “mawazo ya amani wala si ya mabaya”. Mke wangu anasema imani yangu ndiyo haba. Aliyekosea ni nani? — Baba wa watoto watatu, Dodoma

Pole sana, baba. Tuanzie hapo ukutani, maana jibu lako limo kwenye barua ulikotoka huo mstari.

Yeremia 29 ni barua kweli, ya nabii Yeremia. Ilitoka Yerusalemu, ikabebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Sasa rudi sura moja nyuma. Katika sura ya 28 nabii Hanania anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anatamka kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote watakuwa wamerudi. Yeremia anamjibu, “Amina,” Bwana na afanye hivyo. Kisha anaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana kuwa ametumwa pale neno lake linapotimia. Hanania anaitwaa nira shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kuitumikia Babeli, na kuivunja, watu wajionee. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa, na mateka bado wako Babeli.

Barua ya Yeremia haikusema miaka miwili. Ilisema 70. Wafafanuzi hawahesabu miaka hiyo kwa namna moja. Wapo wanaoanzia 609 KK, Ashuru ilipomalizwa, hadi 539 KK, Babeli ilipoangukia mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi. Kwa hesabu yoyote, mtu mzima aliyeusikia mstari wa 11 ukisomwa kwa mara ya kwanza alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuzikwa hukohuko ugenini. Na bado Mungu alimwambia huyo huyo kwamba anamwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya. Basi mstari huo haumpi mtu mmoja mmoja tarehe.

Kinachotangulia mstari wa 11 ndicho tusichokibandika ukutani. Mstari wa 5 hadi wa 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na mzae, uombeeni amani mji mlimo. Fikiria bustani peke yake. Mchicha huanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne, lakini mzeituni unataka miaka kabla haujazaa. Mwenye neno la Hanania masikioni atapanda mchicha, pengine asipande hata huo, maana begi lake limeshafungwa. Hilo ndilo dhara la tarehe za uongo, baba. Zinachukua fedha, halafu zinamfanya mtu aache kupanda.

Kwa hiyo, Kumbukumbu la Torati 18:22 liko wazi: neno lililotamkwa kwa jina la Bwana lisipotokea, Bwana hakulisema. Aliyekosea ni aliyetamka. Ukiambiwa sasa kwamba “ilikuwa Juni ya rohoni”, usikubali. Aliyeweka tarehe aliiweka kwa kalenda hii tunayoijua sote. Na tunamwomba mama akusomee mwenyewe Yeremia 28 yote, polepole, mkiwa wawili.

Andika maneno uliyoambiwa kama yalivyosemwa, pamoja na siku yenyewe, uende na mzee wa kanisa mmoja kwa mchungaji wako. Kanisa lililompa mgeni madhabahu linawajibika kwa alichokisema hapo. Sadaka isitoke tena kwenye ada, kodi au chakula: Paulo anasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Halafu chukueni daftari, ukurasa mmoja mwugawe kwa mstari katikati. Kushoto andikeni yaliyo mikononi mwenu: maombi ya kazi matatu kila wiki, kwenda kuulizia fao la kukosa ajira kama ulikuwa unachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, kuzungumza na shule kuhusu kulipa kwa awamu. Kulia andikeni yaliyo ya Mungu peke yake, na la kwanza liwe “lini”. Wengi hukosea kwa kuvichanganya, wakafunga na kuomba kwa ajili ya barua ambayo hawajaiandika, huku wakikosa usingizi kwa ajili ya tarehe isiyo yao.

Mtoto wetu alifariki akiwa na miezi minane. Kila anayekuja ananiambia kazi ya Mungu haina makosa, kwamba Mungu ana kusudi lake. Nikilia, wanasema sina imani. — Mama, Voi

Pole, dada yetu. Lia. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia akielekea kaburini (Yohana 11:35).

“Bwana alitoa, na Bwana ametwaa” ni maneno ya Ayubu mwenyewe, aliyefiwa. Hakuambiwa na wageni. Rafiki zake walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na katika 42:7 Mungu anasema hasira yake inawaka juu yao. Warumi 8:28 nayo haisemi kwamba kila kinachotokea ni chema. Inasema katika mambo yote Mungu hufanya kazi kuwapatia mema wampendao, na mstari wa 29 unataja wema huo: kufananishwa na Mwana wake. Hapo hakuna ahadi kwamba utaambiwa kwa nini mtoto amekufa, wala hakuna amri ya kukiita kifo chake chema.

Kama maneno ya kuomba yamekauka, tumia Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza “hata lini” mara nne, miwili ya katikati inaomba, miwili ya mwisho inatumaini. Andika yako kwa mpango huo: “hata lini” nne, kila moja na jambo lake halisi, kitanda kitupu, maziwa yanayouma kifuani, chochote kilichopo, kisha maombi mawili au matatu mafupi. Sehemu ya mwisho ikikataa kuja, iache wazi. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na Kanisa limeisali hivyo hivyo karne zote hizi.

Ikipita wiki mbili na zaidi huwezi kulala wala kula, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo. Wazo la kufa likikujia, usingoje siku hizo; mwambie mtu leo, aende nawe. Nanyi mnaokwenda kumwona: mchoteeni maji, pikeni, tajeni jina la mtoto. Inatosha.

Wamenitoa kipande kidogo cha nyama kwenye titi kikapimwe, majibu ni baada ya wiki tatu. Silali. Nitamtumainije Mungu nami sijui amekusudia nini? — Msomaji, Mombasa

Soma Matendo 27 usiku wa leo, dada. Paulo yumo merikebuni katika dhoruba, naye ameshaahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, alisema wasipobaki, wengine hawawezi kuokoka. Ahadi ilikuwepo, na kazi ya mabaharia ilikuwa bado inahitajika. Usiku wa 14, gizani, walipima maji wakapata pima 20. Wakasogea kidogo, wakapata 15. Kwa vipimo vya leo ni kama mita 36, kisha 27, na mbele kuna mwamba. Hawakujua ni nchi gani. Walichojua ni urefu wa kamba ilipogusa chini, nacho kikatosha kuwafanya watupe nanga nne nyuma ya merikebu na kungoja kupambazuke.

Nanga zako ziwe ndogo na za kila siku: zaburi moja ileile kabla ya kulala, mtu mmoja wa kumpigia simu saa nane za usiku aliyekubali mapema kuamshwa, kazi za mikono zako za kawaida, na ombi la Gethsemane, lenye “kikombe hiki kiniepuke” na “mapenzi yako yatimizwe” kwa pamoja. Usiruke ombi la kwanza ili uonekane mkomavu, Yesu hakuliruka. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa neno la yeyote anayekutangazia umeshapona.

Siku ya majibu nenda na ndugu au rafiki, maana mwenye hofu husikia nusu. Andika maswali kwenye karatasi: ni uvimbe gani, umefikia hatua gani, hatua inayofuata ni ipi na lini. Omba nakala ya majibu. Na kabla hujatoka nyumbani, kula. Kulipokuwa karibu kupambazuka Paulo aliwasihi wote 276 wale chakula, akatwaa mkate, akashukuru mbele yao, akaanza yeye.