Ukienda kuangalia wanyama milima ya Alps, tembea kidogo ukae sana

Wenzangu mlioko huku Ulaya, likizo ikifika wengi tunakimbilia Paris au Milano. Safari hii nawaomba mfikirie Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iko kule Engadin, mashariki kabisa ya nchi karibu na mpaka wa Italia. Ilianzishwa 1914, ndo hifadhi ya taifa ya kwanza kwenye milima ya Alps, ina kama kilomita za mraba 170 na kiingilio ni bure.

Masharti yake ni makali na mimi naipendea hayohayo. Hutoki nje ya njia, huchumi ua, huwashi moto, hulali kwenye hema, baiskeli hakuna, mbwa haingii hata ukimfunga kamba, na taka zako unarudi nazo. Kuna watu wanalalamika kwamba ni usumbufu lakini jamani ndo sababu wanyama wa pale wametulia, wameshajua binadamu anapita palepale kila siku na hawafuati, basi wao wanaendelea kula.

Kwa mara ya kwanza nenda bonde la Val Trupchun. Unashuka treni S-chanf halafu unapanda taratibu kando ya mto mpaka Alp Trupchun, mita kama 2,000 hivi, njia si ngumu ukiwa na viatu vyenye soli nzuri. Ukifika sehemu ya kupumzika usipige picha ukaondoka, kaa, saa nzima au zaidi, toa darubini na uanze kupitisha macho pole pole kwenye mteremko wa upande wa pili, kwanza utaona mawe tu, baadae jiwe moja linageuza shingo, kumbe ni mbuzi mwitu dume na yale mapembe yake marefu yaliyopinda kwenda nyuma. Hao walikuwa wamewindwa wakaisha kabisa Uswisi, hapa walirudishwa 1920. Chini kwenye majani kuna mamoti, mnyama wa jamii ya kindi anayeishi shimoni, mnene kama pimbi aliyeshiba, akihisi hatari anapiga mluzi mkali na wenzake wote wanazama shimoni, ukisikia huo mluzi angalia juu haraka maana mara nyingi kuna tai anapita. Ukibahatika ni yule mkubwa mwenye manyoya kama ndevu, anaebeba mifupa juu na kuiangusha kwenye miamba ivunjike aimeze, nae alitoweka Alps nzima, hapa walianza kuwaachia tena 1991.

Kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba kulungu dume wanagombea majike, wananguruma asubuhi na jioni bonde zima linaitikia, unausikia mpaka kifuani. Wikiendi za kipindi hicho watu ni wengi, kwa hiyo omba ruhusa kazini uende katikati ya wiki, na uanze alfajiri.

Beba jaketi hata kama kuna jua, chupa ya chai na chakula cha kutosha, usitegemee simu kushika mtandao. Tiketi ya treni kata mapema, ukichelewa bei inapaa. Msimu wa baridi usiende, hifadhi inafungwa. Wenye watoto pitieni kwanza kituo cha wageni pale Zernez muulize njia gani inawafaa.