Waranti ukiidai, utamkuta nani?

Chukua risiti yoyote ya duka la kompyuta hapa mjini uisome mpaka chini. Juu muuzaji ameandika kwa kalamu, "Waranti mwaka 1." Chini kuna maneno yaliyochapwa tangu kitabu kinatoka kiwandani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi." Maneno hayo yanakaa kwenye karatasi moja, na kaunta nzima hakuna anayeona ajabu.

Mimi nina duka la steshenari Mwenge, Dar es Salaam. Tunachapa, tunatoa kopi, tunajaza fomu za mtandaoni kwa wanaozihitaji. Wanafunzi na walimu wanaopita hapa wanaona kompyuta zangu zinafanya kazi kutwa, basi hawaishi kuuliza: dada, ninunue wapi? Dada, unamjua fundi wa uhakika? Kabla sijamtajia mtu jina la duka wala fundi, nami huwa namuuliza: hiyo waranti siku ukienda kuidai, utamkuta nani, na yuko mtaa gani? Akishindwa kunijibu, ajue anachonunua ni kompyuta tu, waranti asiihesabu kwenye bei.

Muuzaji akisema "ina waranti," anaweza kuwa anamaanisha ya mtengenezaji au ya duka lake, na hizo haziko sawa hata kidogo. Ya mtengenezaji unaweza kuikagua mwenyewe ukiwa bado umesimama kaunta. Geuza laptopu, soma namba yake iliyobandikwa chini. Kwa Dell inaitwa Service Tag na ina herufi na tarakimu 7. HP na Lenovo nao wana namba zao. Ingia kwenye tovuti ya huduma ya kampuni hiyo kwa simu yako, andika namba, itakuonyesha waranti inaisha lini. Kisha mwambie muuzaji awashe mashine aingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, ulinganishe namba ya humo na ya chini. Zikitofautiana, ama kava limebadilishwa ama mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, na muuzaji ana la kueleza.

Hapo kwenye BIOS pia ndipo utakapojua kama mashine imefungwa nywila. Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo zilikuwa za maofisi huko Ulaya na Marekani kabla ya kufika hapa, na kuna zinazofika zikiwa bado na nywila ya ofisi iliyozitupa. Mashine itawaka, itacheza muziki, utafurahi. Siku unataka kubadilisha diski au kupiga Windows upya, inakudai nywila ambayo muuzaji mwenyewe haijui.

Kwa mashine za namna hiyo, waranti ya mtengenezaji kwa kawaida ilishakwisha zamani. Hiyo "miezi mitatu" unayoambiwa ni ya duka, yaani ni neno la mwenye duka. Sisemi ni mbaya. Laptopu ya mtumba iliyotunzwa vizuri naiona bora kuliko mpya ya bei ya chini yenye plastiki inayolia ukiishika, na zangu dukani ni za mtumba. Ila neno la mwenye duka liandikwe. Betri imo? Kioo kimo? Ikigoma, inatengenezwa, inabadilishwa, au hela inarudi? Muuzaji anayekubali kuandika hayo nyuma ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ana duka la kudumu. Anayekupa kikaratasi cha kuchana na kusema "usiwe na wasi, namba yangu si unayo" anakupa namba ya simu tu.

Jambo moja nalisema kwa ndugu zetu wanaoletewa laptopu mpya na jamaa kutoka Dubai au Marekani: waranti nyingine zinafanya kazi katika nchi ilikonunuliwa mashine tu, nyingine zinavuka mipaka. Inategemea kampuni na inategemea aina ya mashine. Kabla jamaa hajalipia huko, piga simu kituo cha huduma cha kampuni hiyo kilichoko hapa, wape modeli, waulize kama wataipokea. Na hata pale mashine ina waranti ya miaka 3, mara nyingi betri yake ina mwaka 1 tu.

Halafu soma yasiyomo. Maji hayamo. Kuanguka hakumo. Na mara nyingi hitilafu ya umeme haimo. Hilo la mwisho wengi wanalipita, wakati kwa mji wetu ndilo linaloua kompyuta za mezani. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, unakatika tena ndani ya dakika ileile, na pawa saplai inakwenda nayo. Ukipeleka kituoni wanafungua, wanaona palipoungua, wanakurudishia karatasi. Ndiyo maana muuzaji akiniambia niongeze hela kidogo anirefushie waranti, namwambia hiyo hela naitia kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoikinga kompyuta umeme ukikatika. Dukani kwangu kila kompyuta ya mezani ina yake.

Mtumba upimwe betri kabla ya kulipa. Fungua kidirisha cheusi cha amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti. Tafuta namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kama ilitoka na 45,000 na leo inajaza 20,000, betri hiyo imebaki chini ya nusu hata muuzaji akiapa. Angalia na umri wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Maduka bado yamejaa kizazi cha 4 na cha 6. Ni rahisi na zinachapa barua vizuri tu, lakini usiilipe bei ya mashine itakayokaa nawe miaka mitano.

Sasa mafundi. Mwanafunzi mmoja alimwaga chai kwenye laptopu yenye tasnifu yake, ikazima. Fundi wa kwanza hakuifungua. Aliishika, akaibonyeza kitufe, akasema mazabodi imekufa, akataja bei ya mazabodi. Yule binti alikuja kwangu macho mekundu, nikampeleka kwa fundi ninayemtumia, ghorofani Kariakoo, chumba kidogo chenye meza mbili na feni. Yule bwana aliuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Chai ilikuwa na sukari?" Ilikuwa na sukari, na maziwa. Akatikisa kichwa, akadai hela ya kukagua kwanza, akaandika, ndipo akashika bisibisi.

Alipoifungua, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa betri kwenye mazabodi. Akamwita binti aone: pembeni ya tundu la chaja palikuwa na ukoko wa kijani na mabaki ya kunata. Akasugua kwa mswaki na spiriti, akaacha pakauke, kisha akaunganisha kwenye pawa saplai yake ya mezani, ile yenye kioo kinachoonyesha volti na ampea. Namba ya ampea ikapanda ghafla, volti zikaanguka. "Kuna shoti," akasema, akaanza kupitisha mita, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka kapasita moja ndogo kama punje ya ufuta ikaonekana ndiyo yenye kosa. Akaing'oa kwa hewa ya moto, akaweka nyingine kutoka kwenye mazabodi mbovu iliyokuwa kwenye boksi chini ya meza. Laptopu ikawaka. Tasnifu ilikuwepo.

Hapo nilijifunza niangalie nini kwa fundi. Fundi anayedai hela ya kukagua namwamini kuliko anayesema "kuangalia bure." Wa bure hawezi kukupa habari ya kwamba mashine haina tatizo, au kwamba haifai kutengenezwa, kwa sababu atakuwa amefanya kazi bila malipo. Lazima apate kitu cha kubadilisha. Aliyelipwa kukagua anaweza kukwambia, "Dada, hii iache, nunua nyingine," nawe ukatoka pale umeokoa hela.

Fundi Maiko, yaani fundi wa kubabaisha, utamjua kwa haraka yake. Anataja bei kabla ya kufungua. Kila ugonjwa dawa yake ni kupiga Windows: mashine nzito, piga Windows, inapata moto, piga Windows, haishiki waifai, piga Windows. Mashine inayopata moto mara nyingi feni imejaa vumbi na pesti ya kwenye prosesa imekauka, na kupiga Windows hakupulizi vumbi. Tena kupiga Windows kwa haraka kunafuta faili zako. Akilitaja neno hilo, uliza papo hapo: vitu vyangu unaviweka wapi kabla ya kufuta? Kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka na imeanza kugonga tik-tik, usikubali aiwashe-washe "kujaribu." Kila ikiwashwa inaweza kujiumiza zaidi.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Utakachotoa utanirudishia?" Fundi mwaminifu husema ndiyo bila kufikiri, au husema, "Niachie, nakupunguzia bei, nitatumia vipuri vyake." Majibu yote mawili ni safi. Anayeanza kucheka na kukuuliza utakifanyia nini kitu kibovu, mwangalie vizuri. Nimewahi kumwona mteja wangu akirudishiwa laptopu kutoka duka moja la matengenezo ikiwa na ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, wakati ilikwenda na 16. Walimwambia ilikuja hivyo. Hakuwa na karatasi, na wao hawakuwa na aibu.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi, piga picha ukurasa wa mipangilio unaoonyesha prosesa na ramu, piga picha mashine pande zote na namba yake chini. Kwenye karatasi ya kupokelea iandikwe ramu, diski, chaja ipo au haipo, na tatizo lenyewe. Fundi wangu hukasirika kidogo nikimwambia hivyo, kisha anaandika.

Kuhusu siri zako. Kama tatizo ni kioo, bawaba, kibodi au tundu la chaja, fundi hahitaji kuingia kwenye picha zako. Mwambie achomoe diski akupe, kwenye laptopu nyingi ni skrubu moja au mbili. Akihitaji kuingia ndani kujaribu, mfungulie akaunti nyingine isiyo na kitu, usimpe nywila unayotumia kwenye barua pepe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini picha ikishasambaa sheria haiirudishi. Na kama unatumia Windows 11, tafuta mapema ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski; ufunguo huo una tarakimu 48 na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mazabodi ikibadilishwa, Windows inaweza kuudai kabla ya kufungua diski, na fundi hawezi kukusaidia kuukisia.

Kituo rasmi au fundi wa mtaani? Waranti ikiwa hai, kituo rasmi, hata kwa kitufe kimoja cha kibodi, na usimruhusu mtu mwingine kugusa skrubu. Waranti ikiisha, mimi naenda mtaani. Kituo rasmi kwa kawaida hubadilisha mazabodi nzima na unasubiri kipuri kiagizwe. Fundi mzuri wa mtaani anabadilisha kile kipande kilichokufa. Bei ikizidi nusu ya bei ya mashine nyingine kama hiyo sokoni, naacha.

Wale "mafundi" wanaojitokeza kwenye kioo na ving'ora, eti kompyuta ina virusi, piga namba hii ya Microsoft, ni wezi. Ujumbe halisi wa Microsoft wa hitilafu hauna namba ya simu. Zima, washa, endelea.

Ukidhulumiwa, rudi dukani na risiti ya EFD kwanza, maana bila hiyo unaonekana mpita njia. Wakikataa, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Usitarajie jibu kesho, lakini nimeona wenye maduka wakibadili sauti wakisikia tu mtu anaitaja, hasa akiwa na karatasi mkononi.

Siku ya kuchukua mashine, usikubali kukabidhiwa ikiwa ndani ya begi. Iwashe palepale kwa betri, kisha kwa chaja. Bonyeza kila herufi, unganisha waifai kwa simu yako, cheza sauti, fungua kamera, chomeka flashi kwenye kila tundu, funga na ufungue kioo mara kadhaa usikilize bawaba. Linganisha ramu na ile picha. Uliza garantii ya kazi aliyoifanya ni ya muda gani na iandikwe. Ndipo umalizie hela iliyobaki.