Motokari ya umeme Lubumbashi: mmeuliza, najibu

Tangu nilipotaja hapa kwamba nimeuza Toyota Carina yangu ya petroli na kununua Prius ya 2008 kutoka Japani, gari la haibridi, yaani injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, maswali hayaishi. Leo nayapunguza kidogo.

Papa, mimi ni mwalimu, nakaa Ruashi na nafundisha mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. Haibridi itanipunguzia nini hasa?

Tuhesabu kwa lita, maana bei haitulii. Siku 26 za kazi ni kilomita 780. Carina yangu, kwa foleni zetu, ilikunywa lita 8 na nusu kwa kilomita 100. Prius, kwa daftari langu, inakunywa 5 na nusu. Hapo unabakiza lita 23 hivi kila mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei utakayoikuta kesho kwenye pompi.

Faida hiyo huipata mjini. Ukisimama, injini inazimika. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukitoka mjini kwenda Likasi kwa mwendo mmoja, faida inapungua sana. Na tafadhali, Mwalimu, mafuta ya Kadhafi, muuza petroli wa kandoni mwa barabara, mwachie mwenyewe. Petroli yenye maji haijui kama injini ni haibridi.

Mume wangu anataka Nissan Leaf ya zamani, ya umeme mtupu. Kwetu Kampemba umeme unakuja saa nne usiku, unakatika saa kumi alfajiri. Itatosha?

Kwenye karatasi, Mama, inatosha. Kebo ya ampea 10 kwenye volti 220 inavuta kilowati 2.2. Kwa saa sita ni kilowati-saa 13, na ukitoa kinachopotea njiani, unapata kilomita 60 na zaidi kidogo.

Shida ni ile volti 220. Nilimwita fundi apime soketi yangu saa tano usiku, nyumba zote zikipika: 168. Kwa volti hizo gari linachaji polepole, na chaja nyingine zinakataa kabisa. Pimeni kwenu kwa wiki nzima, usiku, kabla ya kutoa hata dola moja. Mkague na waya wa ardhi, na soketi yenyewe. Iliyolegea, ikivutwa ampea 10 kwa saa sita, inayeyuka.

Najua mtasema umeme ukikosekana mtawasha jenereta. Jenereta dogo hutoa kama kilowati-saa 2 kwa lita moja ya petroli. Leaf inahitaji kama 20 kutoka kwenye soketi ili iende kilomita 100. Hizo ni lita 10! Carina yangu ilikuwa na nafuu.

Jambo la mwisho: Leaf za kwanza, zenye betri ya kilowati-saa 24, zilipokuwa mpya zilipimwa Marekani zikaenda kilomita 117. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, na joto huizeesha. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vya uzima wa betri. Kimoja kikiwa kimezimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Muuzaji asiyetaka kuwasha dashibodi, muageni.

Na paneli za jua?

Jua la kiangazi tunalo la kutosha. Lakini mchana, paneli zikifanya kazi, gari lako liko wapi? Limeegeshwa kazini. Kwa mwenye duka nyumbani, sawa.

Kobalti, madini ya betri, inatoka kwetu. Mbona hizi gari hazishuki bei hapa?

Kongo inachimba karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini inaondoka ikiwa bado malighafi, nyingi inasafishwa China, na betri zinaundwa mbali. Tena siku hizi betri nyingi za bei nafuu ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti kabisa.

Taa ya pembetatu nyekundu imewaka kwenye Prius yangu. Gereji wanasema betri imekufa.

Pole, ndugu, na usilipe kwanza! Mimi Agosti niliambiwa hivyohivyo, na bei ya betri nikatajiwa palepale. Kijana mmoja wa Katuba akaniuliza kama nimewahi kufungua kile kidirisha pembeni mwa kiti cha nyuma. Sikujua hata kama kipo. Ndiko feni inakovuta hewa ya kupoza betri. Tukaitoa: vumbi letu jekundu limeganda kwenye mapanga kama blanketi, na maganda ya karanga ya watoto ndani yake. Brashi ya meno, dakika ishirini, akafuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika. Haijarudi.

Kama feni yako ni safi na taa bado inawaka, hapo kipimwe kila kipande cha betri. Vipo 28, na mara nyingi kilichokufa ni kimoja au viwili. Ila anayefungua awe amesomea. Kebo za rangi ya chungwa zina volti zaidi ya 200. Kabla ya kuzigusa, lazima achomoe plagi ya usalama nyuma na asubiri dakika kadhaa. Akianza kufungua bila kuichomoa, chukua funguo zako.