Picha mia mbili na mlango mmoja wa choo

Jumatatu niliwatuma vijana wetu wawili wa atachi, wanafunzi wanaojifunza kazi ofisini kwetu, wakapime duka moja la ghorofa kule River Road. Saa nane wakawa wamerudi, wanang'aa, na picha mia mbili na kitu kwenye simu, vipimo vimeandikwa WhatsApp. Nikawauliza swali moja tu: mlango wa choo unafungukia ndani au nje? Wakaangaliana. Kisha wakainamia simu wakaanza kupekua, picha baada ya picha, dakika nne nzima. Mmoja alikiri kwamba choo chenyewe alikitumia.

Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikamkumbuka mama mmoja mwenye kilemba. Huyo nitamfikia. Haya ni ya ninyi mnaoingia studio ya usanifu wa majengo mwaka huu, na ninyi mnaoanza atachi mkidhani mchoro ni kile kitu kinachotoka kwenye printa kazi ikiisha.

1. Chora kwanza, pima baadaye. Plani ya mkono, jengo likitazamwa kutoka juu, bila skeli, ijaze karatasi nzima, halafu vipimo vitapata pa kukaa. Ukianza na tepu utarudi ofisini na milimita 3,420 usizojua ni za ukuta upi. Na pima kila chumba kona kwa kona, mshazari, kwa sababu Nairobi hii chumba chenye pembe mraba nne ni bahati ya mtende.

2. Usitoke saiti bila seksheni, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, uliyoichora ukiwa umesimama ndani ya jengo.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nikiwa atachi, mwaka wa tatu, ofisi niliyokuwa ilipata kazi ndogo Ngara: duka la vitambaa, mwenyewe anataka ngazi ya chuma ya kumpeleka stoo ya juu. Kulikuwa na tundu kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya juu, na ngazi ya mbao ya kuegemeza. Nikatumwa peke yangu, nikajiona mkubwa. Nilikuwa nimeazima kamera ya binamu yangu, nikapiga picha kila pembe hadi betri ikalia. Nikapima urefu, upana, na kimo: mita tatu kutoka sakafu hadi dari, na slabu sentimita 15 juu yake. Nikagawa. Stepu 18 za sentimita 17.5, haibaki hata punje. Mnaijua ile raha hesabu inapotoka sawasawa. Nikakesha kwenye kompyuta, plani ikawa safi kama shati la Jumapili, na seksheni nikaitunga hukohuko ofisini kwa kutazama plani na picha.

Bosi akaniuliza, "Vimo umehakikisha?" Nikasema ndiyo. Sikudanganya. Vile nilivyojua vipo, nilikuwa nimevihakikisha.

Ngazi ikachomelewa na mzee mmoja fundi wa Kariobangi, ikaletwa kwa pikapu Jumamosi, ikafungwa boliti. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye kilemba kilichofungwa kikafungika, akasema yeye ndiye atakayepanda wa kwanza, ngazi ni yake. Tukapiga makofi. Stepu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya sita paji lake la uso likagonga biimu, boriti inayobeba slabu. Haikuwa kelele kubwa, ilikuwa kama mtu anayebisha hodi. Akasimama palepale, kilemba kimerudi nyuma, akageuka polepole akanitazama mimi, si bosi, si fundi.

"Kijana, hii ilikuwa hapa siku ile ulipokuja?"

Ilikuwa hapo, mama. Ilikuwa hapo kabla sijazaliwa. Ilishuka sentimita 40 chini ya dari. Stepu ya sita iko mita 1 na sentimita 5 juu ya sakafu, kwa hiyo kichwa cha binadamu kiliachiwa mita 1 na sentimita 55, na mama hakuwa mfupi kiasi hicho.

Jioni nilizifungua zile picha. Biimu imo kwenye picha kumi na moja. Imepakwa rangi nyeupe kama dari, na chini yake kuna kivuli chembamba cha kijivu nilichokuwa nimekipita kila mara bila kukiuliza jina. Ningekuwa nachora dari ile kwa penseli nikiwa chini yake, mstari ungefika pale ukakwama. Unaendelea? Unashuka? Unaishia kwenye kolamu ipi? Mkono haupiti hapo kabla hujajibu, na ili ujibu itabidi uinue uso utazame tena, mara hii kwa shida yako mwenyewe. Kamera haikwami popote. Inameza biimu, inameza dari, na wewe unatoka umeshiba upepo.

Mzee fundi hakunitukana, na ningependelea anitukane. Aliomba chaki ya kupigia alama vitambaa, akapiga magoti sakafuni, akachora slabu, biimu, ngazi, na mtu wa kijiti mwenye kichwa kikubwa. Akawa anampandisha stepu moja moja, anamfuta kwa kiganja, anamchora tena, huku ananung'unika peke yake. Mara ya tatu akasema, "Tukiigeuza ianzie upande ule, anapita." Dakika kumi, labda. Kilichoniumiza si kwamba alijua kuliko mimi. Hakuwa anajua! Alipopiga magoti hakuwa na jibu, alilikuta pale chini, kwenye vumbi la chaki, mbele ya mteja, bila aibu yoyote. Mimi siku zote nilikuwa nafikiri kwanza halafu nachora nilichokwisha kukifikiri.

Ngazi ilikatwa ikachomelewa upya, gharama ikabebwa na ofisi, na mimi nikaitwa "Biimu" mpaka atachi ikaisha. Kuna watu wawili mjini bado wananiita hivyo.

3. Simu itoke mfukoni mwisho. Piga picha ukishamaliza kuchora, za kuthibitishia. Kipimo cha leza ni kizuri, nunueni, lakini hakitakwambia ulichosahau kukielekezea.

4. Usibebe raba. Mstari uliokosea uache, weka mwingine juu yake, kesho utataka kuona ulipokosea.

5. Kivuli ni habari. Mwaka 1609 Mwingereza Thomas Harriot aliuelekezea mwezi darubini akauchora, miezi kadhaa kabla ya Galileo Galilei. Mchoro wake una mstari wa meno meno kati ya mwanga na giza, na mabaka kidogo, basi. Galileo alikuwa amefundishwa uchoraji. Mabaka ya aina hiyohiyo yeye aliyasoma kama vivuli, na penye kivuli pana kitu kilichoinuka. Akachora milima na mabonde, hata akakadiria kimo cha milima yenyewe. Darubini yake ilikuwa na nguvu zaidi, tusimwonee Harriot. Ila baada ya Galileo kuchapisha michoro yake mwaka 1610, Harriot naye akaanza kuchora kreta, yale mashimo ya mviringo ya mwezini. Nikisoma habari hiyo namhurumia kama ndugu. Mimi ni Harriot wa Ngara.

6. Chora bila kutazama karatasi. Nendeni City Market, pale Muindi Mbingu, kaeni ndani saa nzima. Macho yabaki kwenye yale matao ya zege, penseli itembee polepole kwa mwendo wa macho, na ukichungulia karatasi umeanza upya. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa kama omena zilizomwagika. Lakini miaka miwili nilikuwa nimepita humo nikinunua maua ya harusi za watu, na sikuwahi kuona kwamba madirisha ya juu yamepangwa kwa ngazi, kila safu imerudi ndani kidogo kuliko ya chini yake, ndiyo maana mwanga unafika mpaka kwenye meza za katikati. Niligundua kwa bega, kwa sababu mkono ulikuwa unarudia hatua ileile kila safu. Baadaye nikaanza kuweka mishale: harufu ya samaki inatokea huku, joto linapanda kule, kelele za wauzaji wanaokuita "customer" zinarudi kutoka kwenye paa. Mwalimu aliniuliza hiyo ni plani ya nini.

7. Wanaolia na mtihani wa historia ya usanifu: chora majengo kwenye noti zako, hata vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2016 kwamba watu hukumbuka maneno waliyoyachora kuliko waliyoyaandika tu, na uzuri wa mchoro haukuwa kitu.

Wale vijana wangu niliwarudisha River Road Jumanne, simu zao nikazifungia kwenye droo. Walininunia mpaka mlangoni. Jioni wakaleta karatasi tano zenye vidole vya grafiti kila mahali. Choo: mlango unafungukia nje, na ukifunguka wote unagonga boksi la mita ya stima. Pembeni ya seksheni, yule mkimya ameandika kwa herufi ndogo, "Mkuu, mbona ukuta huu ni mnene kuliko wa juu yake?"

Sijui. Kesho asubuhi tunaenda wote watatu, na chaki.